Lilikuwa na Nini Kabla? Kuandaa makopo na mbegu za kipupwe

Kamwene, kijana mwenzangu! Hiyo ni salamu ya huku Njombe, na ukisikia mtu anaitoa huku meno yanagongana, ujue mwezi wa sita umeshaingia. Kipupwe cha huku si mchezo. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete unaweza kuamka asubuhi ukakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda ukawa barafu. Mvua zimekata, na mpaka zirudi mwishoni mwa mwaka ni safari ndefu.

Wenye vinyungu mabondeni hawana shida. Kipupwe ndiyo msimu wao, unyevu uko palepale. Lakini wewe uliyepanga chumba kimoja mjini, unasoma au unauza vocha, kinyungu utakitoa wapi? Ulichonacho ni hatua tatu za baraza, ukuta, na jua la asubuhi. Nakuhakikishia vinatosha kupata mboga mara kadhaa kwa wiki. Ila kazi hii inaanza mapema, wiki kadhaa kabla mbegu haijagusa udongo. Ukisubiri baridi ikukute ndo uanze kutafuta kopo, umechelewa.

Hivi mboga na jarida la afya wapi na wapi?

Swali zuri. Hebu tazama sahani yako ya jana. Ugali, viazi, labda maharage. Mkoa wetu unalisha mikoa mingine, si ndiyo? Lakini utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta kwamba hapa Njombe zaidi ya nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa na udumavu, yaani wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Mkoa wenye chakula! Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa, kwa sababu sahani ina rangi moja tu.

Na usidhani ni habari ya watoto peke yao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kuwa kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 45 walikuwa na upungufu wa damu. Msichana anapoteza damu kila mwezi, bado anakua, na bado anaambiwa anywe chai ya rangi ashibe. Ndiyo maana wengine wanasikia kizunguzungu wakisimama haraka, moyo unawaenda mbio kwa kupanda kilima kidogo tu, na darasani wanasinzia wakaitwa wavivu.

Mboga za majani zenye kijani kilichokolea zina madini ya chuma, zina vitamini A ya macho na kinga ya mwili, na zina foleti, ambayo mwili wa mama unaihitaji tangu siku za mwanzo kabisa za mimba, hata kabla hajajua kama ana mimba. Lakini tuambiane ukweli: chuma cha kwenye majani hakinyonywi na mwili kirahisi kama kile cha nyama, maini au dagaa. Kamulia ndimu kwenye mboga, au kula na chungwa, hapo kitanyonywa vizuri zaidi. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, kwa hiyo zisubiri kama saa moja baada ya chakula. Na kama tayari una dalili nilizozitaja, usijitibu kwa sukuma wiki. Nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu, wakupe vidonge kama unavihitaji. Bustani ni ya kukulinda kila siku. Haiwezi kuchukua nafasi ya daktari.

Dumu la njano

Sasa nikupe kisa changu, maana ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Nilipomaliza chuo nikapata kazi ya kuelimisha vijana, nilipanga chumba kwenye nyumba ya mama mmoja hapa mjini. Nikajisemea, mwalimu wa lishe asiye na mboga mlangoni ni mwalimu gani? Nikanunua madumu mawili ya njano ya lita 20 kwa kijana anayepita mtaani na mkokoteni. Bei poa. Yalikuwa safi kwa macho, nikayasuuza mara mbili, nikayalaza, nikakata upande wa juu, nikajaza udongo, nikapanda Chinese. Wiki ya nne majani yalikuwa mazuri hata nikaanza kuringa. Chungu cha kwanza nilimgawia dada wa chumba cha pili, ambaye alikuwa na ujauzito wa miezi sita. Alifurahi kweli.

Siku mbili baadaye mama mwenye nyumba akapita, akainama, akanusa ule mfuniko niliouacha pembeni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hili dumu lilikuwa na nini kabla?”

“Sijui mama. Nililiosha.”

“Njoo unuse.”

Nikanusa. Harufu ileile unayoisikia ukipita pembeni ya shamba la viazi asubuhi baada ya kupulizia dawa. Nilimtafuta yule kijana wa mkokoteni siku nzima. Nilipompata hakuficha, aliniambia bila wasiwasi kwamba alikuwa ameyaokota kwenye mashamba ya viazi. Hakuwa na nia mbaya. Yeye naye hakujua.

Usiku ule sikulala. Kilichoniuma zaidi ni kwenda kugonga mlango wa yule dada na kumwambia. Asubuhi tulikwenda pamoja kliniki, akaeleza alichokula, akapimwa, hakuonekana na dalili yoyote, wakamwambia arudi mara moja akijisikia vibaya. Mtoto alizaliwa salama. Lakini mimi, mwenye digrii yangu, sikuwa nimeuliza swali ambalo mama wa darasa la saba aliliuliza ndani ya dakika moja.

Kwa hiyo swali la kwanza la maandalizi yote ndilo hilo: lilikuwa na nini kabla?

Plastiki si kama kioo. Dawa za kuua wadudu na ukungu hunywewa na plastiki yenyewe, zikaingia ndani ya kuta za chombo, halafu zikaendelea kutoka kidogo kidogo. Sabuni haiondoi, maji ya moto hayaondoi, jua haliondoi. Ndiyo maana wataalamu wanasema chombo cha dawa kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba la kupulizia, kisha chombo kitobolewe ili asije mtu mwingine akakitumia. Unaona? Kinatobolewa ili mtu kama mimi asikinunue.

Usipojua dumu lilikuwa na nini, liache. Hata kama ni bure. Weka kundi moja na madumu ya dawa za kuogeshea ng'ombe, ya oili chafu ya magari na ya tindikali ya betri, pamoja na makopo ya rangi. Na kuna jingine la huku kwetu: vipande vya nguzo na mbao zilizotiwa dawa. Huku miti ni mingi, na vipande hivyo hupatikana kwa bei ya kutupa, watu wanatengenezea visanduku vya miche. Baadhi ya nguzo hizo zimetiwa dawa yenye arseniki, na mara nyingi zinabaki na rangi ya kijani kijani. Arseniki ni sumu. Paini ya kawaida isiyotiwa dawa haina neno, ingawa itaoza baada ya misimu michache.

Vyombo salama viko tele. Dumu la mafuta ya kula ambalo umelimaliza mwenyewe, au mama ntilie unayemjua kalimaliza. Ndoo iliyopasuka. Beseni lililotoboka. Sufuria iliyokufa. Salfeti la unga, la sukari au la mchele. Chupa za maji ya kunywa, kuanzia za lita moja na nusu mpaka zile kubwa za lita 12. Anza kukusanya mwezi wa nne, na waambie mama ntilie wa mtaani wakuwekee. Ukitoa oda mapema hutalazimika kukimbilia mkokoteni.

Salfeti peke yake ni shamba. Katikati unasimamisha mawe madogo kama nguzo, kuanzia chini mpaka juu, ili maji yashuke mpaka kwenye mizizi ya chini. Udongo unauzungushia. Pembeni unatoboa matundu kwa kupishana, kila tundu mche mmoja, na juu unapanda mingine. Kule Kibera, Nairobi, bustani za magunia zilisambazwa sana na mashirika ya misaada baada ya vurugu za uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, wakati chakula kilikuwa shida. Wenzetu wa kule hawana hata baraza, lakini gunia linasimama mlangoni.

Chombo chochote, lazima kitoe maji. Pasha msumari motoni (ushike kwa koleo, tafadhali, na usimame mahali pa wazi maana moshi wa plastiki si mzuri), toboa matundu 6 hadi 8 chini. Maji yakituama mizizi inaoza, na kwenye baridi inaoza haraka zaidi kwa kuwa udongo haukauki. Juu ya matundu weka vigae vya chungu kilichovunjika ili udongo usitoke. Kuna wanaoweka kipande cha neti. Jamani, neti ni ya mbu. Ina dawa pia. Iacheni kitandani.

Udongo

Hapa sitakaa sana. Changanya ndoo mbili za udongo mweusi wa juu, ndoo moja ya samadi iliyooza, na kama udongo wako unashikana kama wa kufinyangia, ongeza ndoo moja ya mchanga. Bonyeza kiganjani: ukifumbata unashikana, ukigusa kwa kidole unavunjika. Hapo uko sawa.

Samadi iwe imekaa angalau miezi mitatu, haina harufu, haina joto, huwezi kutambua ilikuwa nini. Samadi mbichi inaunguza miche na inaleta mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara mpaka jikoni kwako. Usichukue udongo pembeni ya choo wala mahali watu wanapotupa taka.

Kabla ya kupanda, mwagia udongo wa kuoteshea maji yanayochemka, ufunike, uuache upoe mpaka kesho yake. Unapunguza ukungu na wadudu wanaokata miche shingoni. Na wewe mwenyewe: udongo wenye samadi unaweza kuwa na vijidudu vya pepopunda. Ukijikata na bati la kopo au msumari, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda zahanati uulize habari ya chanjo yako. Usipake udongo, usipake majivu, usiseme “kitapona tu”.

Mbegu: pima kabla hujapanda

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda mchicha mwezi wa sita. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini. Mchicha ni mtoto wa joto. Pwani unaota siku chache na ndani ya wiki tatu nne unachuma. Huku kwenye baridi mbegu zinakaa tu udongoni, nyingi zinaoza, na zikiota zinadumaa. Kumbe kila mbegu ina msimu wake.

Kwa kipupwe cha nyanda za juu chagua ndugu wa kabichi: sukuma wiki, Chinese, figiri, na kabichi yenyewe kama una subira. Spinachi inavumilia. Vitunguu majani na karoti pia, ila karoti inataka chombo chenye kina, vinginevyo inatoka fupi kama kidole gumba. Njegere ni nzuri kwa anayeanza, mbegu yake ni kubwa na haihitaji kubembelezwa. Mchicha, bamia, nyanya na maboga viache mpaka joto lirudi. Ukiwa Dar es Salaam au Tanga, kwako habari ni tofauti: kipupwe cha pwani ni msimu mzuri kwa karibu mboga zote, mchicha ukiwemo, kwa sababu jua si kali na magonjwa ya mvua yamepungua.

Ukinunua mbegu, soma pakiti kama unavyosoma pakiti ya dawa. Tarehe ya mwisho ya matumizi iko wapi? Kuna lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu? Pakiti imekaa dirishani kwa duka ikipigwa na jua? Mbegu ni kitu hai kilicholala, joto na unyevu vinaiua kimya kimya. Mbegu ya kitunguu haikai sana, mwaka mmoja au miwili nguvu imekwisha. Ya sukuma wiki ikitunzwa vizuri inafika miaka mitatu minne. Mbegu zako ulizokamua mwenyewe ni sawa pia, isipokuwa kama mmea mama ulikuwa chotara, zile pakiti zilizoandikwa F1. Hizo watoto hawafanani na mama.

Mbegu nyingine zimepakwa rangi, nyekundu, kijani au bluu. Hiyo rangi ni alama kwamba zimetiwa dawa. Usizitie mdomoni wakati unafungua pakiti nyingine, usimpe mtoto achezee, usizipeleke jikoni hata zikibaki nyingi. Nawa mikono kwa sabuni. Naona vijana wanashikilia pakiti kwa meno, wanatoboa kwa meno. Tumia wembe au mkasi.

Na sasa kipimo. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ni maabara ya bure. Chukua mbegu 10. Zipange juu ya kitambaa safi chenye unyevu, kikunje, kitie kwenye mfuko wa plastiki, ukiweke mahali penye vuguvugu, karibu na jiko lakini si juu yake. Chungulia kila siku, kisikauke. Baada ya siku 5 hadi 7 hesabu. Zikiota 8 au zaidi, panda kawaida. Zikiota 5 au 6, panda mara mbili ya kiasi. Zikiota chini ya 4, nenda dukani mapema wakati bado kuna muda. Vitunguu na karoti vipe siku zaidi, mpaka 14, ni wazito kuamka.

Zilizobaki zitunze kwenye chupa kavu yenye mfuniko, pamoja na kijiko cha majivu makavu au mchele uliokaangwa kidogo ukapoa, vinavyovuta unyevu. Weka kabatini kwenye giza. Usitundike juu ya moshi wa jikoni kama tunavyotundika mahindi ya mbegu. Mbegu ndogo za mboga hazistahimili joto lile.

Chupa inayogeuka nyumba

Katika majimbo ya Marekani yenye theluji kuna watu wanaopanda mbegu katikati ya baridi kali, mwezi wa kwanza, ndani ya madumu ya maziwa yanayopitisha mwanga, halafu wanayaacha nje kwenye theluji. Si wazimu. Mbegu za maua na mimea mingi ya kule hazioti mpaka zionje baridi, na dumu linazilinda na ndege na upepo mpaka hali ya hewa ibadilike. Zetu hazihitaji kuonja baridi, kwa hiyo usiige mpaka kwenye friji. Lakini lile dumu tuliazime.

Chukua chupa ya maji ya lita 6 au 12. Izungushe kwa kisu katikati, lakini acha sehemu ya upana wa vidole vitatu bila kukata. Hiyo ndiyo bawaba. Toboa matundu chini. Jaza udongo kama urefu wa kidole cha kati, lowanisha mpaka maji yatoke chini, kisha tandaza mbegu. Mbegu ndogo changanya na mchanga mkavu ili zisirundikane. Zifunike kwa udongo mara mbili tu ya unene wa mbegu yenyewe. Wengi tunazizika kama tunazika mtu. Nyunyiza maji taratibu, funga chupa kwa utepe, na toa kizibo. Usisahau kizibo! Usiku chupa inatunza joto la udongo, mchana hewa ya moto inatoka juu. Ukiacha imefungwa, jua la saa 6 mchana litapika miche yako hata kama wewe umevaa koti.

Andika aina ya mbegu na tarehe. Usitumie kalamu ya wino, jua litafuta ndani ya wiki mbili halafu utakuwa unabahatisha. Tumia penseli kwenye kipande cha dumu jeupe, uchomeke ndani. Penseli inadumu.

Panga chupa zako mahali jua la asubuhi linapofika, zikiegemea ukuta. Ukuta unakula joto mchana, unalirudisha usiku. Sakitu hushuka usiku ule ambao anga ni safi, nyota zinawaka na upepo umetulia, kwa sababu ardhi inapoteza joto lake lote kwenda juu. Na hewa ya baridi ni nzito, inateleza kwenda mabondeni, ndiyo maana wa bondeni wanaunguliwa mazao wakati jirani yao wa kilimani amepona. Wewe mwenye makopo una faida moja ambayo mwenye shamba hana: kopo linabebeka. Ukiona jioni nyota zimeanza kuwaka na hakuna upepo, sogeza makopo chini ya baraza au funika kwa salfeti kavu kuanzia saa 12 jioni, ufunue saa 3 asubuhi jua likishatoka. Kumwagilia ni asubuhi. Jioni majani yakilala na maji, unaalika ukungu.

Maji yawe yale ambayo ungeweza kuoshea mboga. Uliyooshea mchele au mboga ni mazuri, yatumie. Ya kufulia yenye sabuni kali au dawa ya kung'arishia, hapana. Ya mtaro, hapana kabisa, kwa sababu mboga za majani zinabeba uchafu wa maji mpaka kwenye sahani.

Miche ikitoa majani mawili ya kweli, siyo yale ya kwanza ya mviringo, anza kufungua chupa mchana na kuifunga usiku. Izoeshe kwa wiki moja. Sukuma wiki ikiwa na umri wa wiki 5 au 6 unaihamishia kwenye dumu au salfeti, mashina mawili kwa dumu moja lililolazwa. Kila mche uliohamishwa unaweza kuuvisha nusu ya chupa ya lita moja na nusu kama kofia, kizibo kikiwa wazi, mpaka ushike.

Kwa hiyo kama unasoma hapa mwezi wa nne, uko kwenye wakati: kusanya vyombo, uliza vilikuwa na nini, weka samadi ioze. Mwezi wa tano mwanzoni pima mbegu, katikati panda. Kama unasoma mwezi wa saba, bado usikate tamaa, panda Chinese na figiri ndani ya chupa, zitachelewa kidogo tu. Chuma majani ya nje kwanza, acha ya katikati yaendelee kukua. Osha kwa maji safi kabla ya kukata, si baada, pika dakika chache, na yale maji kidogo yanayobaki chunguni usiyamwage.

Yale madumu mawili ya njano niliyatoboa yote kwa panga, nikayapeleka kwa afisa kilimo wa kata pamoja na udongo wake ndani ya mfuko. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenipa mengine, ya mafuta ya alizeti, aliyokuwa anayahifadhi kwa ajili ya maji. Kabla sijayapokea nilimuuliza yalikuwa na nini. Alicheka, kisha akanijibu.